UZI: "Mtoto wa kiume amesahaulika." Alisahauliwa lini, na nani?

1/ Msimu wa siasa ukikaribia kuna sentensi moja lazima uisikie. Utaisikia kwa mkutano wa hadhara, kwa matanga, hata kwa siku ya wazazi shuleni: "Mtoto wa kiume amesahaulika." Watu wanapiga makofi, msemaji anaruka kwa hoja nyingine. Hakuna anayeuliza alisahauliwa lini, na nani, na kwa jambo gani hasa. Leo nachukua jambo moja tu, afya ya uzazi, na kufuata historia yake. Kama kawaida ya uzi huu, hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa. Mkianza kutajana huko chini nitafuta.

2/ Kwanza, kwa nini naandika hii. Mimi ni wa Keringet, Kuresoi Kusini, kule juu ambako mwezi wa saba unavaa jaketi mbili na bado vidole vinakataa kushika kalamu. Nikiwa na miaka 19 nilipata shida ambayo singeweza kuisema nyumbani: nikikojoa, kunachoma. Nikapanda boda hadi kituo cha afya. Sikuenda cha karibu. Nilienda cha mbali, ambako hakuna anayemjua mama yangu. Nikaketi kwa benchi katikati ya akina mama na watoto wao. Sista aliponifikia akaniuliza, tena kwa upole: "Na wewe, umemleta nani?"

3/ Hakuwa na nia mbaya. Alidhani nimesindikiza mke au dada. Nikamjibu namngoja mtu, nikakaa dakika kama kumi, nikatoka. Jioni nikanunua tembe kwa kemisti bila kupimwa. Nilipoona maumivu yameisha nikaacha kumeza, nusu ya dawa ikabaki. Wiki tatu hivi baadaye yakarudi, na nikatibiwa vizuri kwingine. Lakini kuna msichana nilipaswa kumwambia siku ile ya kwanza. Nilimwambia baada ya wiki tano. Hiyo wiki tano ndiyo imenifanya niandike.

4/ Turudi nyuma sana, wakati wa mkoloni. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Mashamba ya walowezi huku Molo, Njoro na Nakuru yalihitaji mikono, na serikali ilitaka kujua kila mkono uko wapi. Kwa hivyo kijana wa miaka 16 alionekana vizuri sana. Weka hiyo 16 akilini, tutairudia.

5/ Sasa 1967. Kenya inazindua mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi, wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Miaka miwili nyuma serikali ilikuwa imewaalika washauri wa Population Council kutoka Marekani. Hofu ilikuwa ongezeko la watu: shule, kazi na mashamba havingetosha. Mpango ukawekwa ndani ya kliniki za mama na mtoto, na hilo lilikuwa na maana. Mama tayari alikuwa anakuja kupimwa mimba, kuleta mtoto achanjwe, kupima uzito. Ukitaka kuongea naye kuhusu uzazi, hapo ndipo utampata.

6/ Lakini ona kilichofanyika. Huduma ilipata mlango, na mlango ukapata jina: mama na mtoto. Benchi, kadi, siku za kliniki, mafunzo ya wauguzi, hesabu za mwisho wa mwezi, vyote vikafuata hilo jina. Hakuna mtu aliyekaa kwa mkutano akasema "kijana asiingie". Ni vile tu hakuna aliyemwandalia kiti. Kwa darasa la sera za umma tunafundishwa kwamba uamuzi wa kwanza hubana maamuzi yanayofuata. Nilipolisikia hilo nilikumbuka lile benchi.

7/ Na mpango wenyewe haukuzaa matunda haraka. Utafiti wa uzazi wa 1977-78 ulipata wastani wa watoto karibu 8 kwa kila mwanamke. Baada ya sensa ya 1979 ongezeko la watu lilikadiriwa kuwa 3.8% kwa mwaka, kati ya viwango vya juu zaidi duniani wakati huo. Sababu ni nyingi: ardhi, vifo vya watoto, heshima ya familia kubwa. Lakini moja ni rahisi. Uamuzi wa watoto wangapi ulifanywa nyumbani, na mwenye sauti nyumbani hakuwa kwa kliniki.

8/ Kogo wangu, yaani nyanya, alizaa tisa. Ananiambia baada ya wa saba alipewa vidonge, akavificha ndani ya kopo la chumvi ya ng'ombe. Nikamuuliza, "Kwani babu angesema nini?" Akafikiri kidogo. "Sijui. Hakuna mtu aliwahi kumuuliza." Babu alikufa bila kuulizwa na mtu yeyote wa afya swali lolote kuhusu watoto wake tisa. Si eti alikuwa mkali. Hakuulizwa tu.

9/ Serikali iliona hilo pengo, tusiidanganye historia. Mwaka 1982 ikaunda Baraza la Kitaifa la Idadi ya Watu na Maendeleo, na 1984 ikatoa waraka wa sera nambari 4. Kati ya malengo yake ni kuhimiza wanaume nao wapange uzazi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema kuwashirikisha wanaume ni wazo jipya la mashirika, mwambie liko kwa karatasi za serikali tangu 1984. Shida ni kwamba lilikuwa kwa karatasi, na mlango ukabaki na jina lile lile.

10/ Njia nzuri ya kujua serikali inamjali nani ni kuangalia inamhesabu nani. Tafiti kubwa za kitaifa za idadi ya watu na afya zilianza 1989. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 walihojiwa. Wanaume? Waume wa baadhi ya wanawake hao. Kama hujaoa, haupo. Mwaka 1993 wakahojiwa wanaume 2,336, lakini wa miaka 20 hadi 54. Ni 1998 ndipo wavulana wa miaka 15 hadi 19 wakaingia, kwa sampuli ya wanaume 3,407.

11/ Rudi kwa ile 16. Mkoloni alitaka kumjua kijana wa miaka 16 kufikia 1920, kwa sababu ya kazi. Tafiti hizi za kitaifa zilimuuliza kijana wa miaka 16 kuhusu maisha yake ya uzazi mara ya kwanza 1998. Hapo katikati ni karibu miaka 80. Kwa hivyo, kwa swali la "lini", jibu langu ni hili: kwa afya ya uzazi mtoto wa kiume hakusahauliwa juzi, na hakusahauliwa kwa sababu ya msichana. Hakuwahi kuandikwa mwanzoni.

12/ Kati ya 1993 na 1998 kulitokea nini? Cairo. Septemba 1994 mataifa yalikutana huko kuhusu idadi ya watu na maendeleo, wakakubaliana mazungumzo yatoke kwa kupunguza idadi yaende kwa afya na haki za mtu. Mkataba ule una sehemu nzima kuhusu wajibu na ushiriki wa wanaume, na nyingine kuhusu vijana. Lakini huku nyumbani, katikati ya miaka hiyo ya 1990, viongozi wa dini walichoma kondomu hadharani Nairobi, na elimu ya mambo ya uzazi shuleni ikawa vita. Vijana wakabaki katikati: Cairo wanatajwa, darasani kimya.

13/ Halafu UKIMWI. Mgonjwa wa kwanza nchini aligunduliwa 1984, na ilichukua hadi Novemba 1999 kutangazwa janga la kitaifa. Sasa kijana wa kiume anaongelewa kila mahali, lakini kama hatari. Ndiye anayeambukiza, ndiye asiyejizuia. Sisemi ilikuwa uongo wote. Nasema ukiwa na miaka 17 na kila bango likikuambia wewe ni tatizo, hutaenda mahali palipobandikwa hilo bango kuomba msaada.

14/ Mwaka 2006 ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono. Ililetwa na machungu ya kweli, watoto walikuwa wanaharibiwa na kesi zinazikwa. Umri wa ridhaa ni 18, na kwa unajisi wa mtoto wa miaka 16 au 17 kifungo ni kuanzia miaka 15. Lakini kukiwa na mvulana wa 17 na msichana wa 16, mara nyingi anayesimama kizimbani ni mvulana. Machi 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema nchi inahitaji kuongea tena kuhusu umri huo, na mjadala ukawaka moto. Mimi simtetei mtu mzima anayemwinda mtoto, huyo afungwe. Naonyesha tu kwamba kwa wavulana wengi, mlango wa serikali wanaoujua ni wa polisi. Wa daktari hawaujui.

15/ Sasa 2008, na hapa ndipo historia inageuka. Majaribio matatu ya kisayansi yalifanywa Kisumu, Rakai kule Uganda, na Orange Farm Afrika Kusini. Lile la Kisumu lilikuwa na vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Yalionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa HIV na mwanamke kwa karibu 60%. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakaipendekeza, na 2008 Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari, hasa Nyanza, baada ya kushauriana na wazee wa Kiluo.

16/ Na wanaume wakaja. Mwishoni mwa 2009 kulikuwa na kampeni ya siku 30 za kazi tu, na karibu wanaume 36,000 wakatahiriwa. Mtu akikuambia "wanaume hawapendi hospitali", mpe hiyo nambari. Walikuja kwa sababu huduma iliandaliwa kwa ajili yao, na ikawafuata walipo badala ya kuwangoja. Zaidi ya hapo, ukienda kutahiriwa ulipata furushi zima: kupimwa HIV ukitaka, kukaguliwa magonjwa ya zinaa na kutibiwa, kondomu, na mtu wa kuongea naye.

17/ Sasa njoo Keringet. Sisi tulikuwa tumetahiriwa tayari. Kwetu kuna tumdo. Disemba vijana wanaingia menjo, wanatoka wanaume. Kwa hivyo kwa hesabu za mpango sisi hatukuwa shida, na furushi likapita juu ya vichwa vyetu. Kwa macho ya nchi hitaji letu lilikuwa kisu tu, na kisu tulikuwa nacho. Ukaguzi, kondomu na mtu wa kuongea naye havikutufikia.

18/ Kuna atakayesema, "Lakini mnafundishwa huko ndani." Ndiyo. Tunayofundishwa hayatoki nje, na mimi sitayatoa hapa. Ninachoweza kusema kinajulikana na kila mzee: zamani mafunzo yalichukua miezi mingi, siku hizi yanabanwa ndani ya likizo ya Disemba kwa sababu Januari shule inafunguliwa. Na ukishatoka, wewe ni mwanaume. Mwanaume haulizi. Nilipokuwa kwa lile benchi nilikuwa mwanaume wa miaka miwili hivi, na sikujua pa kuanzia.

19/ Tuje kwa hoja za mikutano. Ya kwanza: "Wasichana wamepewa kila kitu." Tuangalie vilivyotolewa. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa ili serikali igharamie sodo kwa wasichana shuleni. Oktoba 2019 ikaanzishwa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10, kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Hakuna hapo kilichotolewa mfukoni mwa mvulana. Na utafiti wa 2022 bado ulipata 15% ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Anayesema wamepewa kila kitu hajauliza hizo mimba zimebebwa na nani.

20/ Ya pili: "Ukimfundisha kijana haya mambo unamfungulia uzinzi." UNESCO ilikusanya tafiti za nchi nyingi ilipoandika upya mwongozo wake wa elimu ya jinsia mwaka 2018, na hazikuonyesha kwamba mafunzo mazuri yanawafanya vijana waanze mapema. Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anafundishwa nini, na kanisa lina haki ya kufundisha waumini wake. Lakini kunyamaza pia ni somo. Mimi nilifundishwa na kemisti.

21/ Ya tatu: "Nikichaguliwa nitawajengea kliniki ya vijana." Hapa tumia Katiba. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya huduma za afya, ikiwemo afya ya uzazi. Kila mtu. Hakuna neno mama pale. Na tangu 2013 zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Kwa hivyo mgombea wa ubunge akikuahidi wauguzi, muulize kwa bajeti gani. Mwenye hiyo bajeti ni gavana, na wanaoipitisha ni wawakilishi wa wadi.

22/ Swali hili limekuwa la haraka kwa sababu ya pesa. Sehemu kubwa ya kazi ya HIV nchini, pamoja na ile tohara ya hiari, imekuwa ikilipwa na Marekani. Januari 2025 misaada ya nje ya Marekani ikasimamishwa, na kliniki nyingi za HIV zikapoteza wafanyakazi ndani ya wiki chache. Kitu kilichojengwa kwa pesa ya mgeni huondoka na mgeni. Kama tunataka kijana awe na mlango, utajengwa kwa bajeti yetu, la sivyo tutaendelea kupiga makofi kwa matanga.

23/ Na si lazima liwe jengo. Kijana wa Keringet saa mbili asubuhi yuko shambani anachuma majani chai, au anapakia viazi kwa lori, au yuko stegi na boda. Kliniki inafungwa kabla hajamaliza. Kwa hivyo muulizeni mwakilishi wenu wa wadi matatu: kuna jioni moja kwa wiki au Jumamosi kituo kitakuwa wazi kwa mtu anayefanya kazi mchana? Wauguzi wanafunzwa kumpokea mvulana aliyekuja peke yake? Na kwa bajeti ya mwaka huu, hiyo iko ukurasa gani? Asipojua ukurasa, ile sentensi yake ya mtoto wa kiume ni wimbo tu.

24/ Kwa wale watakaosema nawalinda wavulana: someni tena nambari 3. Kisonono na klamidia kwa mwanamke mara nyingi hazionyeshi dalili, na zisipotibiwa zinaweza kuharibu mirija ya uzazi. Mimi nilikuwa na maumivu ya kunikumbusha, yeye hakuwa na chochote. Alipimwa, akatibiwa, yuko salama, na haongei na mimi, ana haki. Mvulana akikosa mlango, anayelipa kwanza mara nyingi ni msichana. Ndiyo maana wanaogombanisha hawa wawili jukwaani hawajaielewa hesabu.

25/ Na kama wewe ni kijana unasoma hii usiku, simu chini ya blanketi, na kunachoma: inatibika. Nenda upimwe, usinunue tembe za kubahatisha. Maliza dawa yote hata maumivu yakiisha. Mwambie mwenzako leo, dawa ni ya wawili. Na ukiulizwa umemleta nani, sema "Nimejileta." Mimi sikujua hilo ni jibu.

Mwisho wa uzi. Wiki ijayo: bei ya viazi, gunia la kilo 50, na kwa nini sheria iko lakini lori bado zinabeba magunia yenye kilemba.